Siku moja ya fundi: platini ya mzee na safari mbili za Kariakoo

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala Rangi Tatu, saa 1 na nusu nafungua kibanda changu Ilala. Mpaka saa 3 nimeshamwaga oili za bodaboda wanne na kufunga cheni moja. Hizo hazina hadithi.

Saa 3 na robo akaingia mzee mmoja akisukuma Honda CG125 ya zamani, zile za volti 6. Tangi limepauka, kiti hakina hata mchubuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Platini imenichosha. Nifungie hii."

Platini ni ile swichi ndogo inayofunguka na kujifunga ili plagi ipige moto kwa wakati wake. Akatoa sidiai mpya ndani ya gazeti, kiboksi cha elektroniki cha kupigisha plagi moto bila platini. Mwanawe kamwambia ni ya kuchomeka tu, nusu saa.

Watu wanaona kiboksi. Kile cha mzee kilikuwa cha kula umeme wa betri, volti 12. Betri yake ilishakufa siku nyingi na pikipiki haikujali, maana moto wa CG hiyo unatoka kwenye sumaku, lile gurudumu zito linalozunguka na injini na kuzalisha umeme. Halafu sidiai lazima iambiwe wakati wa kupiga moto. Kazi hiyo ya platini inachukuliwa na pikapu, kihisio kidogo kinachokaa pembeni ya sumaku, na pikapu inataka sumaku yenye kinundu kwa nje kinachopita mbele yake. Sumaku ya mzee nje ni laini kama sufuria.

Nikampa njia mbili. Platini mpya na kondensa yake, niseti uwazi wa milimita 0.3 mpaka 0.4, naye arudi ikishalika. Au seti nzima ya CG za Kichina: stata (zile koili zinazokaa ndani ya sumaku bila kuzunguka), sumaku, pikapu, koili na sidiai inayokula umeme wa stata, betri iwepo isiwepo inawaka. Ila stata hiyo ni ya volti 12, kwa hiyo balbu, honi na betri navyo vibadilike, na regyuleta iongezwe. Mzee akauliza bei. Akanyamaza. Akauliza tena, kana kwamba imeshuka.

Akachagua seti.

Nikavuta sumaku ya zamani kwa pula (anayeipiga nyundo si fundi), nikaitia kwenye mfuko, huyo Kariakoo. Jua la saa 6, na sumaku ni chuma kitupu. Muuzaji akanipa inayofanana nayo kila kitu kwa macho. Kurudi, nikapaka ncha ya kreki, ule mhimili wa injini uliochongoka unaobeba sumaku, wino wa kalamu, nikaipachika, nikazungusha kidogo, nikatoa. Wino ulikuwa umefutika ukingoni tu. Maana yake imeshika kwa mdomo, tumboni inaelea. Ukikaza nati hivyohivyo, siku moja itakata kii, kile kipande kidogo cha chuma kati ya sumaku na kreki, njiani.

"Si imeingia?" mzee akauliza.

Kuingia na kukaa ni vitu viwili, mzee wangu.

Kariakoo tena. Muuzaji alinikunjia uso kama nimemwibia, nikachambua sumaku 5 juu ya kaunta yake. Chakula cha mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Wali ulikuwa wa baridi. Sumaku ya pili ilifuta wino kote. Stata ilikaa bila ubishi. Zikabaki waya, na waya zinakula muda kuliko kitu chochote: hii ya swichi ya kuzima, hii ya pikapu, hii ya ardhi iliyoota kutu mpaka niikwangue kwa msasa. Jua limeshazama, namulika kwa simu niliyoing'ata mdomoni.

Kiki ya kwanza kimya. Ya pili ikawaka, ikatulia, haimisi hata kidogo. Mgongo wangu nao ulikuwa unawaka.

Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kumbe kazi yenyewe ndogo."

Akanipunguzia 5,000 kwenye ufundi. Kile kiboksi akaniachia mezani nimtafutie mteja. Halafu akaomba platini yake ya zamani, akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa shati na kuupigapiga.

"Huwezi kujua," akasema, akaondoka.