Nilivyopima oili iliyotembea kilomita 10,000 kwenye foleni za Dar

Fundi wangu pale Ilala ni mzee aliyezeekea kwenye injini za Toyota, na msimamo wake ni mmoja: oili inamwagwa kila kilomita 3,000, ukizidisha sana 5,000. Mimi Toyota IST yangu nilikuwa nimeiwekea oili ya sintetiki, ya kutengenezwa kiwandani, ya 5W-30, na muuzaji aliniambia inafika 10,000 bila shida. Nikaamua kuiacha ifike. Ila gari hilo ndilo linalonipeleka kazini kila siku, sikutaka kubahatisha, nikatafuta maabara inayopima oili za jenereta na mitambo ya migodini. Wakanikubalia.

Injini yangu inameza lita 3.7, kwa hiyo kwenye dumu la lita nne kulibaki kidogo. Hicho kibaki ndicho kilichoniokoa. Ukipeleka oili iliyotumika peke yake, unapata namba zisizo na cha kulinganisha nazo. Ukipeleka na mpya yake unajua ilianzia wapi, na kwa jinsi dumu feki zilivyo nyingi mjini, unajua pia kama ulichonunua ndicho kilichoandikwa.

Siku yenyewe niliendesha toka Mbezi Mwisho mpaka gereji, oili ikiwa ya moto na imechanganyika vizuri. Mzee akafuta nati ya chini kwa kitambaa safi, akaifungua. Niliacha oili ya mwanzo ipite, maana ndiyo inayobeba uchafu uliotuama, kisha nikakinga chupa katikati ya mtiririko. Kuchota kwenye beseni la gereji ni kupima oili za magari kumi ya watu.

Mzee aliisugua kwa vidole, akainusa. "Mwanangu, hii imekufa. Tazama ilivyo nyeusi."

"Mzee wangu, weusi ni masizi iliyoyabeba. Hiyo ndiyo kazi yake. Tusubiri karatasi."

Karatasi ilipokuja, nilianza na mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Kwenye nyuzi 100, oili mpya ilisoma 10.6, iliyotumika 9.7. Oili ya namba 30, ile ya mwisho kwenye 5W-30, inatakiwa iwe kati ya 9.3 na 12.5, kwa hiyo bado ilikuwa ndani, ingawa pembezoni. Maji hayakuwepo, wala dalili ya maji ya rejeta. Chembe za madini ya risasi na shaba zilikuwa kidogo sana, nikashusha pumzi, kwa sababu hizo ndizo zinazopanda beringi zikianza kulika.

Kilichochoka ni akiba ya kuua asidi. Petroli ikiungua huleta asidi, na oili huwekewa kemikali za kuizima. Akiba hiyo ilianza na 8.1, ikashuka mpaka 2.7, na asidi yenyewe ilikuwa imepanda hadi 2.5. Namba hizo mbili zikikaribia kukutana, oili imemaliza kazi. Kwa hiyo mzee alikuwa na hoja, tena kubwa kuliko nilivyotaka kukubali. Asubuhi mimi hutumia saa moja na robo kufika Kariakoo, kilomita kama 20. Huo ni mwendo wa 16 kwa saa! Kwa mwendo huo kilomita 10,000 ni saa 625 za injini kuunguruma. Saa hizo hizo kwenye barabara ya Dodoma, kwa mwendo wa 70, gari lingetembea karibu kilomita 44,000. Kilomita za Dar zinaficha saa za foleni.

Lakini namba iliyonikosesha usingizi ni silikoni: sehemu 41 kwa kila milioni ya oili. Hilo ni vumbi. Chuma kilikuwa 52, na aluminiamu na kromu zimepanda pamoja nacho, maana yake mchanga ulikuwa unapita na kusaga ringi na silinda. Nilirudi kwa mzee na karatasi mkononi. Tulifungua boksi la filta ya hewa tukakuta klipu moja imevunjika, kifuniko kimeinuka upande mmoja, na ndani kuna mstari wa vumbi jekundu uliopita pembeni ya filta. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiwaza oili, na injini ilikuwa inavuta barabara ya vumbi ya mtaani kwetu. Tukabadili boksi zima.

Kipimo kilinigharimu karibu bei ya dumu jipya, kwa hiyo asiseme mtu kwamba nilifanya hivi kuokoa hela ya oili. Niliokoa injini.

Mzunguko uliofuata nilimwaga kwenye 8,000. Silikoni ilisoma 12, chuma 21, akiba ya kuua asidi 3.9. Nimebaki hapo hapo kwenye 8,000, na stiki ya oili naiangalia kila Jumamosi. Mzee bado anawaambia wateja wake wengine 5,000, na kwa wenye oili ya kawaida na foleni kama zangu, sina ubishi naye. Ila sasa, kabla hajagusa nati, anafungua kwanza boksi la hewa.