Mauser ya Amberg

Juzi kijana wangu alinionyesha kwenye simu bunduki mpya, nyeusi tii, plastiki na alumini, darubini juu. "Baba, hela ya lile kuukuu si ungepata hii na chenji ikabaki?" Nikamwambia tutaongea. Hatujaongea.

Lile kuukuu nililikuta Ohio, Marekani, kwenye maonyesho ya silaha, nimemsindikiza jirani. Meza za mbele zote zilikuwa za bunduki mpya, zinafanana kama maboksi ya sabuni. Nikapita. Kwenye kona, mzee mmoja alikuwa ametandika za kale juu ya blanketi.

Akanipa Mauser ya 1871, bunduki ya jeshi la Mjerumani. Nzito, kilo nne na nusu hivi. Kwenye chuma pamegongwa "Amberg", mji wa Ujerumani ilikotengenezwa, na mwaka: 1880. Nikainua mkono wa bolti, nikavuta. Ukateleza mpaka mwisho, ukalia kwa sauti nene. Inakula risasi moja tu, ya milimita 11. Ukishafyatua, unaanza upya. Hata skrubu zina namba zake. Kitako cha mti kilikuwa kimelainika pale shavu linapolala. Nikaiweka begani, shavu nikalilaza palepale walipolaza wengine.

Ndipo ikanijia. Sisi ni watu wa Kilwa. Mdogo wake hii, mfupi kidogo, ndiyo waliyobeba askari wa Mjerumani, Maji Maji ilipolipuka vilima vya Umatumbi mwaka 1905. Waliopewa maji ya mganga Kinjikitile waliambiwa risasi itageuka maji. Iliyotoka humu haikugeuka. Mpaka vita vya Tanga, 1914, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, walikuwa nazo bado, na moshi wa baruti yake ukiwaumbua walipojificha.

"Unachukua?" mzee akauliza.

Nikalipa. Kwa sheria ya Marekani ya 1968, iliyotengenezwa kabla ya 1899 ni kitu cha kale tu. Sikujaza hata fomu. Jirani na mpya yake alikuwa bado anangoja jina lake likaguliwe.

Watu nikiwaambia napenda za zamani kwa kuwa fundi aliweka mkono wake, sisemi uongo. Ila sijui kama ndiyo sababu yenyewe. Mama nilimtumia picha. Akajibu neno moja: "Itoe."

Nimeitoa sebuleni. Ipo chumba cha kazi.