Jumamosi usije

“Mama, Jumamosi usije.”

Mwanangu wa kiume, mchezaji wa raga, aliniambia hivyo Jumanne kuhusu mechi yake, na leo Ijumaa bado inanichoma. Alikuwa mezani jikoni, anajizungushia plasta kwenye kifundo cha mkono na kuikata kwa meno. Shikamoo alishanipa, chai alishakunywa. Nikamuuliza, “Nisije kwa nini?” Hakuinua uso. “Basi tu, mama.”

Basi tu! Mimi niliyesimama pembeni ya viwanja vya matope vya mji wa Hull, Uingereza, tangu hajui kufunga kamba za viatu, natoka zamu ya usiku moja kwa moja uwanjani. Ni kanga ninayojifunga juu ya koti? Ni sauti yangu akiangushwa? Nikiwasha gari, basi tu. Nikimpima mgonjwa presha, basi tu. Wiki hii dada yake kapata chuo Leeds, wodini kaja meneja mpya, baba watoto karudi salama kutoka Tanga. Yote nimeyapokea, nikamshukuru Mungu, kisha nikarudi palepale.

Mnaofuatilia humu mnajua mkataba wake wa kwanza ni wa mwaka mmoja tu. Kesho ndiyo mara ya kwanza anacheza na watu wazima, kikosi cha akiba, si vijana wenzake wa akademi. Raga ya ligi ina wachezaji 13 kila upande na haina pa kujificha, hasa kwa winga kama yeye. Mpira unapigwa juu, yeye macho angani anausubiri, na majitu yanamjia mbio. Wengi wa umri wake huachwa kabla hawajagusa kikosi cha kwanza.

Jana usiku nilikuwa naenda kazini kutoka Hessle, nimeshika barabara ya Clive Sullivan Way, hasira ikanitoka. Huyo Sullivan, mchezaji wa raga ambaye barabara ina jina lake, alikuwa kijana mweusi wa Cardiff, aliyefanyiwa upasuaji wa miguu mara kadhaa udogoni hadi ikaonekana hata kutembea sawasawa ni shida. Mimi nesi, hapo ndipo hunigusa. Mwaka 1961, akiwa bado mwanajeshi, alikuja kujaribiwa na klabu ya Hull, wakamficha jina, wakamwandika “Mr X”. Akafunga trai tatu, yaani mabao ya raga. Mwaka 1972 akawa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia kule Ufaransa, na kwenye fainali ya Lyon alikimbia na mpira karibu uwanja mzima akafunga. Lakini ile siku ya kwanza, jukwaani hawakujua ni mtoto wa nani. Angeboronga, angeondoka zake kimya na maisha yakaendelea.

Labda hicho ndicho mwanangu anachoomba. Mechi moja ambayo audondoshe mpira, apigwe mweleka, ainuke, bila kutafuta uso wangu jukwaani. Bado inauma, siwadanganyi. Ila sasa namwonea fahari zaidi kuliko siku aliyotia saini.

Asubuhi nilimpikia uji wa ulezi, sikuuliza kitu. Aliumaliza, akabeba begi, akasema mlangoni, “Ya wiki ijayo ni nyumbani, mama.”

Sasa kinachonirudia ni kingine: mama yangu kule Tanga kabadilishiwa dawa za presha. Baba watoto anasema alimwacha mzima, lakini dada anayempima hapokei simu tangu jana mchana, na jirani naye kasafiri.