Mabaka ya mwanga kwenye dashibodi ya Corolla 110

Kama umetoa balbu za zamani za dashibodi ukaweka LED na sasa spidomita ina mabaka, huku kunaumiza macho na kule hakusomeki, usikimbilie dukani kutafuta zenye nguvu zaidi. Utaongeza mng'ao pale pale ulipo tayari, na kwenye giza patabaki giza.

Gari langu ni Corolla, hizi tunazoziita 110. Balbu zake zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, basi fundi mmoja hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, akanishawishi tuzing'oe zote za kumulika namba tuweke LED za bluu. Hazili umeme, hazipati moto, utazisahau. Kuhusu umeme hakusema uongo: balbu ya kawaida ya saizi ile inakula wati 3 na kitu hadi 5, LED inazunguka kwenye wati moja au chini ya hapo. Mchana huwezi kuona kasoro yoyote. Usiku, kwenye barabara ya Kasulu, ndipo nilipoona kazi yenyewe. Jirani na 20 na jirani na 100 kulikuwa na vidoa viwili vikali, halafu kati ya 40 na 60 pamefifia kabisa, na kila ukiingia kijijini kuna kibao cha 50. Mshale mwekundu ndio ulikuwa kichekesho, umegeuka mweusi.

Nilipomrudia akaniambia, "Mkuu, hiyo ndogo, tufunge zenye chipu nyingi." Chipu ni kile kipande kidogo kinachowaka ndani ya LED. Nikamwambia asante, niachie kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na mambo ya mwanga nyuma ya kioo nayaona kila siku mezani.

Shida haiko kwenye nguvu, iko kwenye uelekeo. Balbu ya zamani ina uzi unaowaka katikati ya kichupa cha kioo, kwa hiyo mwanga unatoka pande zote, unagonga kuta nyeupe za boksi la dashibodi, unarudi, unasambaa, na ukifika kwenye namba umeshachanganyika. Waliochora lile boksi walihesabia balbu ya namna hiyo. LED yenye chipu moja juu inamulika mbele tu, kama tochi. Unapata duara moja kali mbele yake na pembeni hapapati kitu. Ndiyo maana hata ukiweka kali mara mbili, ile 50 haikusaidii.

Mshale nao una sababu yake. Kitu chekundu kinaonekana chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu, na LED ya bluu haina mwekundu wa kurudisha. Halafu kwenye magari mengi ya zamani ya Toyota kuna kofia ndogo ya raba ya kijani juu ya balbu, au plastiki ya kijani nyuma ya namba. Bluu ikipita kwenye kijani inabaki kidogo sana. Kwa hiyo nikatafuta nyeupe, zile zenye chipu nne ubavuni na moja kichwani. Za ubavuni ndizo zinazofanya kazi ya ule uzi wa zamani. Ukikosa nyeupe ya joto, yaani inayoelekea njano kidogo, nyeupe ya kawaida itakupa kijani chenye ubluu. Mimi sijali.

Kufungua sitaeleza sana. Toa waya wa negativu kwenye betri, na kama gari lina eabegi subiri dakika chache kabla ya kugusa chochote. Kisha skrubu za fremu, skrubu za dashibodi yenyewe, ivute taratibu, bana kufuli za soketi nyuma uzichomoe. Mishale usiiguse kwa namna yoyote.

Ndani nilikuta juu ya kila tundu la balbu plastiki imeungua ikawa kahawia kwa joto la miaka yote ile. Kuta za kahawia hazirudishi mwanga. Nikapaka rangi nyeupe isiyong'aa kwa brashi ndogo, nikaacha ikauke vizuri. Vichwa vya LED nikavikwangua kwa msasa laini, ule wa namba 400, kwa maji kidogo, mpaka vikawa na ukungu. Hilo peke yake linaondoa nusu ya ukali.

Nusu iliyobaki iliondolewa na televisheni mbovu. Televisheni bapa zina karatasi za plastiki nyeupe nyuma ya kioo, kazi yake ni kusambaza mwanga wa LED ili picha isiwe na vidoa. Ni tatizo lile lile, wao walishalitatua. Ofisini ninayo moja iliyopasuka kioo, nikachomoa karatasi moja, nikakata vipande vya saizi ya matundu, nikabandika kwa gundi kidogo pembeni. Mbele ya vile vidoa viwili nikaweka mbili mbili.

Kabla ya kurudisha skrubu, jaribu. LED ina chanya na hasi, ikigoma kuwaka igeuze kwenye soketi yake, haijafa. Ilikuwa saa nane mchana na jua la Kigoma unalijua, kwa hiyo nilijifunika kitenge cha mama watoto, kichwa na usukani pamoja. Jirani akasimama dirishani: "Baba Asha, umepoteza nini humo?" Nikamwonyesha. Akasema inapendeza, akaendelea na safari yake.

Jambo moja sikulikubali hata fundi aliposisitiza: taa ya betri. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye kibalbu kile ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Ukiweka LED, unaopita ni kidogo mno, na alteneta inaweza isiamke mpaka ukanyage mafuta sana, au isiamke kabisa. Hizo taa za tahadhari zinawaka sekunde chache tu ukiwasha gari, unataka kuokoa umeme gani hapo? Zote nimeziacha balbu za kawaida.

Kile kigurudumu cha kupunguza mwanga hakina maana tena. Ukikizungusha, LED zinabaki kali, kali, halafu zinazimika ghafla. Kwa bahati, zikishapita kwenye ile plastiki hazisumbui macho, kwa hiyo sikigusi. Sasa kuanzia 0 hadi 180 kunasomeka sawasawa. Kona ya geji ya joto bado ina kivuli kidogo upande wa chini, na hapo nitafungua tena siku balbu mojawapo ya tahadhari ikifa.