Halb vier si saa kumi na nusu: siku yangu moja Leipzig

Saa 12:30 asubuhi. Simu inalia, nje giza totoro. Ni Oktoba, wiki ya kwanza ya masomo, siku yangu ya tisa Ujerumani. Nimezoea kwamba ikifika saa moja jua limeshatoka. Hapa saa moja na nusu inapita ndipo linachungulia, na kila siku linazidi kuchelewa. Nahesabu makaratasi yangu kwa mara ya tatu.

Saa 2:15. Niko Bürgerbüro, ofisi ya kuandikisha wakazi. Ukihamia nyumba nchini humu unapewa wiki mbili kuandikisha anwani yako. Juzi nilikuja na mkataba wa pango nikidhani unatosha, nikarudishwa. Kumbe wanataka karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli umehamia: Wohnungsgeberbestätigung. Neno hilo mpaka leo nalikata vipandevipande ndipo limezeke. Leo ninayo. Dakika kumi tu, nimemaliza.

Kicheti nilichopewa nitakihitaji benki na kwenye kibali cha ukaazi. Hasa benki! Pesa zangu ziko kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa: wengi wetu tunaoomba viza ya masomo tunaweka humo euro 11,904 za mwaka mzima, kisha tunaachiwa 992 kwa mwezi. Ila haziachiwi mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya kuzipokelea. Basi mimi ni tajiri ninayehesabu sarafu za nauli.

Saa 5:00 kamili. Nafika ukumbi wa mihadhara, hamna mtu. Nasoma namba ya mlango, nasoma ratiba: 11 c.t. Natoka, narudi, nashuka ghorofa moja, napanda tena, jasho linanitoka na baridi yote hii. Saa 5:10 wanaanza kuingia mmojammoja, hawana haraka. Saa 5:15 profesa anafungua kinywa. Hizo herufi mbili ni Kilatini, cum tempore, maana yake ongeza robo saa. Zikiandikwa s.t., njoo dakika ileile. Wenzangu wote walijua, sijui walifundishwa wapi.

Mhadhara wenyewe nilielewa zaidi ya nusu. Ulipoisha wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima. Nilishtuka, nikadhani wamechukia. Ndiyo makofi yao. Nami nikagonga, kwa kuchelewa.

Saa 7. Chakula Mensa am Park, mkahawa wa wanafunzi. Foleni, kadi, nimeshiba.

Saa 10:25 jioni. Hapa ndipo siku ilipoharibika. Mwenzangu wa kikundi cha mazoezi alikuwa ameniandikia: "halb vier", maktabani. Kijerumani changu cha kuokoteza kikanitosha: halb ni nusu, vier ni nne. Nne na nusu, yaani 16:30, kwetu saa kumi na nusu. Nikawahi dakika tano, nikajipongeza.

Nikawakuta wanafunga kompyuta zao.

Halb vier ni saa tisa na nusu! Wao hawasemi nusu iliyopita baada ya tatu. Wanasema nusu ya kuiendea nne. Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Hawakufoka, jambo lililoniumiza zaidi. Mmoja akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba pande hizi za Saksonia kuna pia viertel vier, robo ya kwanza ya kuiendea nne, ambayo ni 15:15, na dreiviertel vier, robo tatu za kuiendea, 15:45. Nikaandika zote mkononi kwa kalamu.

Saa 12 jioni. Nikabandika jina langu kwenye sanduku la barua. Nilikuwa nikilaumu posta bure. Hapa tarishi anatafuta jina, akilikosa barua inarudi ilikotoka.

Saa 3 usiku. Jikoni namkuta jirani wa chumba cha pili, Mjerumani, amejiinamia juu ya daftari. Anasoma Afrikastudien, yaani masomo ya Afrika, na chuo hiki kinafundisha Kiswahili. Akaniuliza, taratibu, kila silabi mahali pake: "Samahani, kwa nini saa mbili ni saa nane?"

Nilicheka hadi nikaketi. Kisha nikamchorea jua, nikamweleza kwamba tunaanza kuhesabu linapochomoza, na tunaanza upya linapotua. Akatazama dirishani, akatazama mchoro, akasema basi hapa Leipzig hesabu hiyo itamtesa kila msimu. Sikuwa na la kumjibu. Nikamwonyesha mkono wangu wenye wino, naye akanirekebisha tahajia ya dreiviertel.

Tukaahidiana kufundishana kesho jioni. Mimi nikasema saa mbili na nusu, yeye akasema halb neun. Tukatazamana. Akachukua kalamu, akaandika kwenye mlango wa friji: 20:30.