Iache Sadaka Yako Hapo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Mathayo 5:23-24 imeninyima usingizi: ukileta sadaka madhabahuni na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, uende kwanza upatane naye. Jumapili, tukitoka ibadani, mama mmoja alinishika mkono mlangoni: "Mwalimu, wanikumbuka?" Nilimfundisha darasa la pili. Siku moja alimwambia mwenzake kwa lugha ya kwao kwamba penseli yake imeanguka, nami nikamvika kibao shingoni, kile cha kumwadhibu mtoto aliyesema kilugha shuleni, cha mbao chenye kamba ya katani. Alishinda nacho mpaka kengele ya jioni. "Wanangu sikuwafundisha kilugha," akaniambia. "Nyanya yao akija wanamtazama tu." Nikamjibu, "Kama nilikukosea, mwanangu, nisamehe." Akaitikia kwa heshima, akaenda zake.

Hiyo "kama" ndiyo inayonichoma.

Usiku huo binti ya dada yangu, aliye Chuo Kikuu cha Algoma mjini Sault Ste. Marie, Kanada, alinitumia picha ya ukuta wa chuo chao. Jengo lile lilikuwa shule ya bweni ya Shingwauk, iliyoendeshwa na kanisa letu la Anglikana. Chifu Shingwaukonse wa Waojibwe, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, alikuwa ameomba shule ambako watoto wake wangepata elimu ya wageni wasipoteze ya kwao. Walichopewa ni shule za kuwatenga na wazazi na kuwang'oa lugha midomoni. Kote Kanada watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule za namna hiyo, na maelfu hawakurudi nyumbani. Pale Shingwauk makaburi yapo mpaka leo. Sithubutu kuyalinganisha na yangu. Wanafunzi wangu walilala kwa mama zao. Lakini mkono uliofunga ile kamba ulikuwa wangu, na asubuhi hiyohiyo uliongoza sala.

Shule ilifungwa mwaka 1970, na mwaka uliofuata chuo kikahamia. Kingeweza kupaka kuta rangi mpya na mambo yakaishia hapo. Mwaka 1981 waliosomeshwa pale walirudi kukutana, na kazi ya kukumbuka ikaanza, wao wenyewe wakiwa mbele. Picha za zamani zikakusanywa. Wazee huketi na albamu, kidole juu ya sura: huyu ni fulani, huyu mdogo wake, huyu alitoka kijiji kile. Jina linaandikwa. Leo picha zipo kwenye kuta ambazo wanafunzi huzipita wakienda darasani.

Nilipolisikia hilo nililia. "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Sisi tuliwaita watoto wa Mungu kwa makosa yao.

Wapendwa, toba ina majina. Tarehe 6 Agosti 1993, Askofu Mkuu Michael Peers wa Kanisa la Anglikana la Kanada alisimama mbele ya wenyeji wa Kanada akakiri kwamba kanisa letu lilishiriki mpango uliowachukua wao na watoto wao kutoka nyumbani kwao. Hakusema "kama". Zakayo naye hakungoja kudaiwa. Alisimama akataja nusu ya mali na kurudisha mara nne. Sisi je? Tunakimbilia "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", huku mgonjwa yuko mbele yetu na hatujamuuliza anaumwa wapi. Na tunawasukuma walioumizwa wasamehe upesi ili ibada yetu iendelee kwa amani! Ndugu mhubiri, dada mwalimu, mzee wa kanisa: Bwana hakumwambia mwenye kinyongo aje madhabahuni. Alimwambia mwenye sadaka aondoke, aende. Nenda. Taja ulichofanya, ulimfanyia nani, kilimgharimu nini. Kisha unyamaze umsikilize, hata kama atachukua mchana kutwa, hata kama hatakusamehe siku hiyo.

Jumapili hii sitasimama kusoma somo. Nimeshamweleza mchungaji sababu. Jumamosi, Bwana akipenda, napanda matatu kwenda kwa yule mama. Nimemwomba mzee mmoja wa kwao anifundishe kusema "penseli yako imeanguka" kwa lugha yao, na nimekuwa nikiirudia jikoni tangu Jumatano. Mniombee.