Sababu ya Kuhama Hukufikisha Stendi ya Kange Tu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya wiki hii ni Matendo 18:1–4 na Warumi 16:1–5. Atakayesoma jumuiyani ayatamke majina ya miji taratibu, maana leo tunatembea na mume na mke waliohama kuliko wengi wetu.

Akila alizaliwa Ponto, ukanda wa Bahari Nyeusi. Luka anapomtaja mara ya kwanza, yuko Korintho na mkewe Prisila, wamewasili karibuni kutoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio ameamuru Wayahudi watoke Rumi. Baadaye wanapanda merikebu pamoja na Paulo hadi Efeso. Ukifika Warumi 16, wamesharudi Rumi, na kanisa linakutana nyumbani mwao. Ponto, Rumi, Korintho, Efeso, Rumi tena. Kutoka Rumi walifukuzwa. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, mahali ambapo mshona hema hakosi mteja. Efeso walimfuata mtu. Basi hapo tayari tuna sababu tatu zinazowatoa watu makwao hata leo: kuna anayesukumwa, kuna anayevutwa, na kuna anayemfuata mtu.

Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, "waja leo, waondoka leo". Tunautamka kwa utani, huku mji wenyewe umejazwa na watu waliokuja na hawakuondoka. Mwaka 1893 Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo yalikuja mashamba, na mashamba yakadai mikono. Manamba, yaani vibarua wa mashambani, wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Rwanda, Msumbiji. Walisukumwa na kodi ya kichwa, wakavutwa na hela ya kununulia shuka na baiskeli. Kila mmoja alishika kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku haikuhesabiwa mpaka kazi ya siku hiyo iishe. Karibu kila mmoja alinuia kumaliza kipande chake arudi kwao. Miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei. Sababu iliyowaleta ikafa, wao wakabaki. Wajukuu wao tunakaa nao benchi moja kanisani, na wanatusahihisha Kiswahili.

Tunaopokea wageni tumejifunza kwamba sababu anayoitaja mtu wiki ya kwanza mara nyingi si ile iliyomtoa. Atasema amekuja kutafuta kazi. Ukimsikiliza vizuri utakuta shamba la baba kule Lushoto limegawanywa kwa ndugu saba, na fungu lake halitoshi hata kulisha mbuzi. Mwingine anasema ni shule ya watoto, kumbe ni ugomvi wa mirathi. Mwingine alimleta mgonjwa hospitali ya Bombo, tiba ikawa ndefu, akapanga chumba karibu. Hakuna dhambi katika hayo. Shida ni kwamba asiyeijua sababu yake mwenyewe hupanga mambo kwa sababu nyingine. Swali moja linasaidia: kama shida iliyoko huko ingeisha kesho asubuhi, bado ungehama?

Ukijibu hapana, umesukumwa. Basi usiuze shamba wala nyumba mwaka wa kwanza, wala usilipe kodi ya mwaka mzima. Aliyesukumwa huchukua chumba cha kwanza anachoonyeshwa, maana anachotaka ni kutoka tu. Ukijibu ndiyo, umevutwa, na kinachokuvuta kinahitaji kukaguliwa. Omba mkataba wa kazi kwa maandishi, uone na tarehe ya mwisho. Ujenzi una mwisho wake. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga huhitaji mikono mingi likijengwa, na michache likishakamilika. Anayekuja kwa kazi ya mradi aje na hesabu ya mradi.

Anayemfuata mtu ana hesabu ngumu kuliko wote, na hapa tukae kidogo. Ruthu 1 inasema Elimeleki alitoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, yeye na mkewe na wanawe wawili, wakaenda kukaa Moabu. Hakuna mstari unaosema Naomi aliulizwa. Miaka kama kumi baadaye yeye ndiye aliyerudi kwa miguu, mjane, bila wana. Waume mnaotusoma, mke anayepata habari za kuhama kwa simu, wakati kodi imeshalipwa, hajashirikishwa. Ametaarifiwa tu.

Bwana wetu alipozungumzia anayetaka kujenga mnara alisema *aketi kwanza* ahesabu gharama (Luka 14:28). Tuketi basi. Hesabu hii ni ya mfano, weka tarakimu zako. Tuseme familia ya watu wanne ina shilingi 1,200,000. Chumba na sebule ni 70,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: 420,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 70,000. Gari la mizigo 250,000. Pazia, kitasa, umeme wa kwanza, ndoo na madumu, 100,000. Jumla 840,000. Zimebaki 360,000. Kwa matumizi ya 10,000 kwa siku, fedha hiyo inakwisha siku ya 36.

Siku ya 37 ndiyo inayovunja watu. Kazi ya ajira, hata ikipatikana wiki ya kwanza, mshahara hutoka mwisho wa mwezi, na wengi huipata wiki ya tano au ya sita. Ndipo simu zinaanza kupigwa usiku, ndipo televisheni inauzwa, na ndipo watu wanasema mji una gundu. Mji hauna gundu. Familia nzima ilihamishwa kabla ya kipato.

Njia tunayoshauri ni mmoja kutangulia. Achukue chumba kimoja, tuseme cha 40,000 kwa miezi mitatu, na dalali 40,000: hapo ametoa 160,000. Familia ibaki mahali ambapo bado kuna mihogo shambani. Ndani ya miezi hiyo aliyetangulia ataijua mitaa kwa miguu yake. Nyumba aikague mvua ikinyesha, maana kiangazi kila uwanja ni mkavu. Aulize wapangaji wangapi wanatumia mita moja ya LUKU, na kama mita ina deni, kwa sababu deni la mpangaji aliyeondoka litakatwa kwenye umeme atakaonunua yeye. Aonje maji ya kisima. Karibu na bahari mengine ni ya chumvi, hayapikiki chai. Mizigo iletwe na lori linalorudi tupu, ambalo dereva wake hukubali bei ndogo kuliko lililokodiwa kwa safari hiyo tu, na isiletwe masika. Godoro lililolowa njiani halirudi kuwa godoro.

Watoto wahame mwishoni mwa mwaka, au angalau likizo ya Juni. Kwanza hakikisha nafasi ipo shule mpya, kisha anza uhamisho kwa mwalimu mkuu wa shule ya zamani. Namba ya PREM, ile ya usajili wa mtoto kwa ajili ya mitihani, lazima ihame naye. La sivyo atakaa darasani Makorora huku kwenye usajili wa mtihani bado yuko Handeni. Aliye darasa la nne au la saba, kama kuna bibi wa kumlea, aachwe amalize.

Kuna wanaohama kukimbia deni, na tuliseme waziwazi kwa kuwa limekuwa jingi. Mikopo ya kausha damu na ya vikundi imewatoa watu usiku bila kuaga. Anayekimbia kikundi amewaachia akina mama wenzake wachange rejesho lake, wengine wauze mabati. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, naye alikimbia, na Paulo alimrudisha akiwa na barua: kama unamdai kitu, kiandike kwangu (Filemoni 18). Kabla ya kupanda basi nenda kwa mwenyekiti wa kikundi na mtu mmoja anayeheshimika. Sema unahama, sema wapi, andikeni kiasi na tarehe. Aibu ya siku hiyo ni ya saa moja. Ile ya kukimbia itakukuta hata Tanga, maana simu haina mpaka.

Turudi kwa Akila. Paulo alipofika Korintho alikaa nao, na Luka anataja sababu ya kawaida kabisa: kazi yao ilikuwa moja. Hema, ngozi, sindano, uzi. Sababu ya kuhama hukufikisha stendi ya mabasi ya Kange tu. Ukishashusha begi, kinachokushika mjini ni kazi ya mikono yako na mtu wa kukaa naye.

Mchukulie fundi cherehani. Kosa tunaloliona kila mwaka ni kukodi fremu ya duka mwezi wa kwanza. Fremu nayo inadai miezi sita au mwaka, na wateja hawamjui. Mtu hampi fundi mgeni kitambaa cha harusi. Humpa suruali ya kukunja pindo, amwangalie. Kwa hiyo fundi mgeni atafute kibaraza cha fundi mwenyeji, hapo Ngamiani barabara yoyote, aombe kona ya kuweka cherehani yake. Achukue kazi ambazo mwenyeji hana muda nazo: pindo, zipu, vifungo, sare za shule za Januari. Walichokubaliana kugawana akitoe jioni ileile bila kudaiwa. Baada ya miezi minne au mitano wateja watakuwa wanamwulizia kwa jina, na hapo ndipo fremu ina maana. Ruthu, mkwewe Naomi, alifanya hivyohivyo: aliomba ruhusa, akaokota nyuma ya wavunaji, akajulikana. Wa bodaboda naye asianze kupakia abiria pembeni mwa kijiwe cha wenzake. Aende kwa kiongozi wa kijiwe, alipe kiingilio, aandikwe.

Na barua. Foibe wa Warumi 16 alitoka Kenkrea kwenda Rumi akiwa na maneno ya Paulo: mpokeeni katika Bwana, mkamsaidie katika neno lolote atakalohitaji kwenu. Sisi tunahama na friji, barua ya utambulisho tunaisahau. Zinatakiwa mbili. Moja ya serikali ya mtaa unaotoka, ili mwenyekiti wa mtaa unaoingia akuandikishe. Siku utakapohitaji kumdhamini mtu au kufuatilia kitambulisho, hutaanza kutafuta anayekujua. Ya pili ni ya usharika wako. Wengi hukaa mwaka mzima wakisali benchi la nyuma kama wapita njia, wanasema "mimi hapa si kwangu". Huko Yerusalemu Hanania aliwaambia watu kwamba waliohamishwa Babeli watarudi ndani ya miaka miwili. Yeremia akawaandikia hao wa Babeli kwamba ni miaka 70, jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake, mwuombee mji huo amani. Mtu akipanda mchicha nyuma ya chumba cha kupanga, huyo ameshaisoma barua ya Yeremia hata kama hajafungua Biblia.

Kwa wenyeji wiki hii tunaomba jambo dogo. Kila jumuiya ichague wawili, mmoja awe mama, waende kwa kaya iliyohamia tangu mwezi uliopita. Wasiende na maswali ya kwa nini mmehama. Hayo yatakuja yenyewe. Waende na habari: bomba la karibu linatoa maji saa ngapi, dukani wapi wanaandika kwenye daftari, zahanati ipi ina kliniki ya watoto na siku gani, fundi umeme yupi haongopi. Na wahesabu kimyakimya siku walizokaa. Wakikuta ni siku ya 30 na kitu, mzee wa kanisa apewe taarifa jioni hiyohiyo, na unga utangulie kabla ya maombi.

Tuombe.

Bwana, uliyekosa mahali katika nyumba ya wageni, waangalie wanaolala leo juu ya godoro lisilo na kitanda, katika chumba ambacho bado kinanuka rangi. Wapatie kazi, na mtu wa kufanya naye. Walioachwa nyuma wakisubiri simu, uwape subira, na simu ipigwe. Na mwenye nyumba anayedai miezi sita, umguse achukue mitatu. Amina.